Kabla ya kuchagua nyimbo, hesabu sauti: ushauri kwa kwaya ya mjini inayoandaa msimu

Septemba ikikaribia, viongozi wa kwaya huanza kuulizana: Desemba tuimbe nini? Mimi naimba sauti ya pili katika kwaya ya mjini hapa Dar es Salaam, kwaya iliyochanganya Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na Wasabato, na nimeshakaa kwenye kamati ya programu misimu kadhaa. Nikiulizwa swali hilo, jibu langu ni moja. Nyimbo zisubiri. Kwanza niambie una waimbaji gani, wanakaa wapi, na wataondoka mjini lini.

Kwaya ya mjini si kwaya ya shule ya bweni. Mwimbaji wako ametoka kazini Posta au Kariakoo saa kumi na moja jioni, amekuja mazoezini hajala, na bado ana safari ya kurudi Mbagala, Tegeta au Kibaha. Wiki hiyo hiyo ana kikao cha harusi ya binamu yake. Anakuja kwa sababu anapenda kuimba, hakuna anayemlipa. Ukimpangia msimu kana kwamba hana maisha mengine, atavumilia mwezi mmoja, kisha utaanza kuona viti vitupu upande wa besi. Ndiyo maana nasisitiza mazoezi yaishe saa mbili kamili usiku, hata kama wimbo umekolea. Mama mwenye mtoto mdogo akijua kwa hakika kwamba saa mbili na robo atakuwa kituoni, atarudi Alhamisi.

Sasa tarehe. Msimu wa 2026 hadi 2027, Dominika ya kwanza ya Majilio ni Novemba 29, na Krismasi inaangukia Ijumaa. Kwenye karatasi, Jumapili ya Desemba 20 inaonekana nzuri kabisa kwa tamasha. Kwa Dar es Salaam haifai. Kufikia tarehe hiyo shule zimefungwa, na ndugu zetu wa Moshi, Rombo na Same wameanza kupanda mabasi kwenda nyumbani. Wakiondoka hao, kwaya nyingi za hapa zinabaki nusu, na watazamaji wanapungua vivyo hivyo. Mimi napendekeza Jumapili ya Desemba 13, saa kumi jioni. Jumamosi yake pia inawezekana, lakini kama mna Wasabato, tamasha lianze jua likishazama, na mlango wa mazoezi ya mwisho usifunguliwe mchana wa Sabato. Kamati nyingi hulisahau hili, halafu zinashangaa mbona teno wawili wazuri, waimbaji wa sauti ya juu ya wanaume, hawakuonekana.

Kutoka Desemba 13 rudini nyuma mkihesabu siku za mazoezi, Jumanne na Alhamisi. Toeni wiki ya Uhuru, maana Desemba 9 ni Jumatano na watu huunganisha siku. Jumamosi za Novemba msizihesabu kabisa, harusi zimeshazichukua. Zinazobaki ndizo siku zenu za mazoezi. Nyimbo ziingie humo, msitegemee siku zitaongezeka.

Hapo ndipo tunaweza kuzungumzia sauti. Simamisheni kila upande peke yake, usikilizwe. Si kumwaibisha mtu, ni kujua ukweli. Kwaya nyingi za hapa zina sauti ya kwanza na ya pili za kutosha, besi wa wastani, na teno wachache ambao nusu yao ni besi waliopandishwa kwa dharura. Kama hali yenu ndiyo hiyo, wimbo ambao teno anakaa juu dakika nne mfululizo si wenu msimu huu, hata mkiupenda vipi. Kuna nyimbo nzuri za sauti tatu, na kuna watunzi wetu wanaoandika wakijua kwamba teno ni haba. Waulizeni. Mtunzi aliye hai, aliye mjini humu humu, anaweza kukushushia ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo mzima unaimbiwa, au kukurekebishia mstari wa teno kwa simu moja. Jina lake liandikwe kwenye programu, na ruhusa yake iombwe kabla, si siku ya kurekodi.

Na msiogope uchache. Mtunzi Handel alipoipeleka Messiah, kazi yake kubwa ya kwaya, Dublin nchini Ireland mwezi Aprili 1742, baada ya kuitunga kwa wiki zipatazo tatu mwaka uliotangulia, aliimbiwa na kwaya ndogo, iliyochukuliwa kwenye makanisa makuu mawili ya mji ule. Watu walitarajiwa kuwa wengi kiasi kwamba wanawake waliombwa wasivae magauni yenye fremu za kuyatanua na wanaume waache panga nyumbani, ili nafasi ipatikane. Mapato yakaenda hospitalini na kwa wafungwa wa madeni. Kwaya ya watu 30 wanaosikilizana inatosha kulijaza kanisa. Watu 80 ambao nusu yao walianza kuja wiki mbili kabla ya tamasha watakupa kelele.

Kwa kuwa nimeitaja Messiah, niseme kuhusu Haleluya, wimbo maarufu uliomo ndani yake, maana najua mtaiimba tu. Kwaya nyingi nchini zinayo, kwa Kiswahili, na watu wanaijua kwa masikio tangu utotoni. Hapo ndipo kuna kazi. Mtu anayejua wimbo kwa sikio ameshika pia makosa ya aliyemfundisha. Msimu mmoja mwalimu wetu alifika kwenye “Mfalme wa wafalme”, pale sauti ya kwanza inaposhikilia nota ndefu kisha inapanda ngazi moja, na nyingine, na nyingine, huku wengine wakiitikia haleluya chini. Akamwashiria mpiga kinanda anyamaze.

“Dada zangu, hiyo m ni nota. Msiiruke.”

Wakajaribu tena. Wengine wakaimba “mu”, wengine wakaingia moja kwa moja kwenye “fa”. Mwalimu akawafanya wafunge midomo, waivumishe m peke yake kwenye nota yake, hadi tukausikia mvumo mmoja ukitoka safu nzima. Ndipo akawaruhusu kuifungua kwenye “fa”. Ghafla neno likasikika hadi mlangoni. Dada mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, pale juu pumzi zinaisha.” Akamjibu, “Basi pokezaneni. Wewe ukivuta, jirani yako asivute. Na usivute mwanzoni mwa neno, ibia katikati ya nota ndefu, urudi polepole.” Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima kwa mistari michache, na naamini ndiyo saa iliyotuzalia matunda kuliko zote msimu ule. M ya “mtakatifu”, ya “mwokozi”, ya “mbinguni”, zote zilinyooka baada ya hapo bila kufundishwa tena.

Jambo jingine la Kiswahili kwenye nyimbo za Ulaya ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi zilizotafsiriwa zamani zinaangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho, na kwaya ikiimba kwa nguvu kila pigo zito, maneno yanapinda: msikilizaji anasikia sauti nzuri lakini hajui mmesema nini. Dawa yake ni kusoma mashairi kwa sauti, bila kuimba, kama mnavyoongea, kisha kuimba mkilegeza kidogo lile pigo lisilo mahali pake. Mwalimu awe mkali hapa. Watu wamekuja kusikia habari, na wengi wao hawana karatasi mkononi.

Mazoezini wapo wanaosoma nota za mistari, wapo wa solfa (do, re, mi), na wapo wanaoshika kwa sikio. Wote ni waimbaji. Mwalimu akirekodi kila sauti peke yake na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, mtu atajifunza akiwa kwenye foleni ya Ubungo, na muda wa mazoezi utabaki kwa kuunganisha. Ila klipu hizo ziimbwe kwa ufunguo uleule na mwendo uleule wa tamasha. Na kila mazoezi yawe na angalau wimbo mmoja bila kinanda, mwanzo hadi mwisho, kisha kinanda kigonge nota ya mwisho muone mmeshuka kiasi gani. Mara nyingi wanaoshusha kwaya ni “mi” na “ti” zinazoimbwa kivivu, na nota zinazorudiwa rudiwa mahali pamoja: kila ikirudiwa inazama kidogo. Uchovu na joto vinamalizia. Kwa hiyo zoezi hilo liwe la mwisho, watu wakiwa wamechoka, maana siku ya tamasha watakuwa hivyo hivyo.

Kujua kuimba bila ala kuna faida nyingine hapa kwetu. Umeme ukikatika, kwaya inayotegemea kinanda cha umeme inabaki inaangaliana. Wimbo wa Krismasi unaojulikana sana duniani, ule wa usiku mtakatifu, uliimbwa mara ya kwanza Austria mwaka 1818 kwa sauti za watu na gitaa. Gitaa moja pembeni na filimbi ndogo ya kutoa ufunguo mfukoni mwa mwalimu ni akiba tosha.

Jengo nalo ni mwimbaji. Makanisa ya zamani ya mjini, kama Azania Front au Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililokamilika mwaka 1902, yana dari refu na kuta nzito. Sauti inabaki hewani baada ya nyie kufunga midomo. Humo imbeni taratibu kidogo, kateni maneno kwa usafi, na msilete spika kubwa. Naomba sana hili. Maikrofoni nne mbele ya kwaya zinawachukua waimbaji wanne na kuwaacha wengine wote kama picha ya nyuma, na kazi ya miezi mitatu ya kulinganisha sauti inapotea mikononi mwa kijana wa mitambo ambaye hajawahi kuwasikia. Mzungumzaji apewe maikrofoni. Kwaya isimame karibu na watu iimbe. Nendeni jengoni wiki moja kabla, saa ileile ya tamasha, mwalimu akae viti vya nyuma na mtu mwingine aongoze, asikie kinachofika kule.

Joto la Desemba ni la kweli, nyuzi 30 na zaidi pamoja na unyevu wa pwani. Joho zito la mikono mirefu litamwangusha mtu kwenye wimbo wa tano. Kitenge chepesi kinapendeza, na kinavaliwa tena. Sijawahi kuelewa kwa nini kila tamasha lazima liwe na sare mpya, wakati mwimbaji ambaye hana fedha ya mshonaji anaacha kuja kimya kimya bila kusema sababu. Sare moja kwa msimu mzima. Fedha iliyobaki inunue maji ya kunywa yasiyo ya baridi kali, na chakula chepesi saa mbili kabla ya kuimba.

Programu yenyewe isizidi saa moja na nusu pamoja na hotuba, na mgeni rasmi ajulishwe dakika zake mapema kwa heshima. Wimbo mgumu kuliko zote uwekeni wa tatu au wa nne, sauti zikiwa zimepashwa na bado hazijachoka. Mwisho muwekee wimbo ambao hata aliyekuja kwa kusindikiza tu anaweza kuuitikia.

Baada ya Desemba msidhani mna muda. Pasaka ya 2027 ni Machi 28, mapema sana, na Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, ni Februari 10. Watu wanarudi mjini Januari wakiwa na ada za shule kichwani, kwa hiyo wiki mbili za kwanza ziwe za kupasha sauti na nyimbo zinazojulikana. Ramadhani nayo inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8, kutegemea mwezi kuandama, na foleni za kabla ya futari mnazijua: mazoezi ya Jumanne yaanze nusu saa baadaye katika mwezi huo. Neema ya Kwaresima ni kwamba harusi zinapungua, kwa hiyo Jumamosi asubuhi ambazo Novemba hamkuzipata, sasa mnazo, ingawa bila wenzetu Wasabato. Zitumieni kwa mazoezi ya upande mmoja mmoja kwa sauti ambazo Wasabato hawamo, na nyimbo za Mateso zifundishwe kwanza, kabla ya zile za ufufuko, kwa sababu Dominika ya Matawi ni Machi 21 na hizo ndizo zitakazohitajika kwanza.

Na Machi ni masika. Mvua ikishuka juu ya bati, hakuna kwaya duniani itakayosikika chini yake, ziwe sauti ngapi. Tamasha la Pasaka lifanyike kwenye jengo lenye paa la vigae au dari nene, na nafasi yake ilipiwe kabla ya Krismasi, maana kwaya nyingine zote za mjini zitakuwa zinatafuta jengo hilo hilo.