Kengele ya friji ya chanjo

Swali: Ndugu Mhariri, kifaa cha kurekodi joto katika friji ya chanjo ya zahanati yetu hulia kila mlango unapofunguliwa. Je, nipandishe kikomo cha juu? – Muuguzi, Makete

Jibu: Ndugu Muuguzi, tafadhali usikiguse, kwa kuwa chanjo hizo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Rekebisha muda wa kusubiri, ili kengele ilie pale tu joto linapodumu juu ya nyuzi 8 kwa saa 10, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Kwa baridi ya huko kwenu mwezi Juni na Julai, hofu yangu kubwa zaidi ni kikomo cha chini, yaani nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa dakika 60, maana chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini B ikiganda huharibika, na kuiyeyusha hakuirudishii nguvu.