Choya imegoma kuingia kwenye mafuta ya alizeti

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi nakamua alizeti hapa Majengo, Moshi, nauza kwa madumu ya lita 5. Shida yangu mafuta yakikaa dukani kwa mteja miezi kadhaa yanaanza kunuka kama rangi ya kupaka mlango. Kijana wangu kaniambia choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, ina antioksidanti zinazuia mafuta kuharibika, nikaloweka choya kavu wiki nzima, wapi, hata rangi haikubadilika! Sasa anasema eti wazungu wanatumia vimeng'enya kuziunganisha na mafuta. Ni kweli? Na je nikitia utomvu wa papai, si nasikia una vimeng'enya? – Mama Alizeti, Moshi

JIBU: Salama mama, pole na hasara. Mwanao hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari.

Ule wekundu wa choya ni antosianini, na hiyo inapenda maji, mafuta haiyataki kabisa, ungeiloweka mpaka Krismasi mafuta yangebaki njano vilevile. Antioksidanti nyingi za mimea ziko hivyo, hata zile za kahawa. Na alizeti ya kawaida ndo inahitaji ulinzi hasa, maana imejaa asidi ya linoleiki ambayo oksijeni inaivamia kirahisi, vitamini E iliyomo inapambana weee mwisho inaisha.

Hapo ndo vimeng'enya vinapoingia, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Kuna kimoja kinaitwa lipasi, hata tumboni kwako kipo, kazi yake kukata mafuta. Ila kiweke sehemu ambayo karibu hakuna maji, basi kinaanza kuunga: kinang'oa mkia mmoja wa molekuli ya mafuta (kila moja ina mikia mitatu) na pale kinapachika antioksidanti. Maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani pale Peoria, Illinois, walifanya hivyo kwa mafuta ya soya na kitu kinachotokana na asidi ya feruliki, antioksidanti ya mimea, lipasi wakaitoa kwa hamira inayoitwa Candida antarctica, imeshikizwa kwenye vipunje vidogo vya plastiki, joto nyuzi 60 hivi, halafu unasubiri siku kadhaa. Kinachopatikana kinayeyuka kwenye mafuta, na ile sehemu inayozuia oksijeni inabaki huru kwa sababu imeungwa kwa upande wake mwingine. Ungelazimisha kwa asidi kali na moto mkubwa ungeiharibu antioksidanti yenyewe. Wao hata hivyo walivutiwa zaidi na losheni, maana kitu hicho kinakinga pia miale mikali ya jua.

(Na hiyo asidi ya feruliki imejaa kwenye pumba za mahindi mnazowapa ng'ombe, sema imeng'ang'ania kwenye nyuzi, kuitoa ni kazi nyingine.)

Papai achana nalo mama. Papaini inakata protini, ndo maana inalainisha nyama, na utomvu wenyewe una maji, ukiyaingiza kwenye dumu unayaharibu mafuta mapema zaidi. Tena kama kuna mtu atakushauri uloweke kitunguu saumu kibichi humo ukauze, kataa katakata, kwenye mafuta hakuna hewa na kuna bakteria anatengeneza sumu ya kuua bila harufu wala rangi.

Kama unataka mmea, rosimeri ina asidi ya kanosiki ambayo inaingia kwenye mafuta yenyewe bila kimeng'enya chochote, viwanda vinatumia dondoo yake. Ila majani unayotupia mwenyewe huwezi kujua yametoa kiasi gani, kwa hiyo nenda kwanza chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, ukaulize watu wa chakula.

Mimi kwa maoni yangu tatizo lako haliko kwenye choya. Kausha mbegu vizuri, mafuta yakae yatulie uyachuje mpaka yasiwe na mashudu, usiyahifadhi kwenye pipa lenye kutu wala kupitisha kwenye kifaa cha shaba maana madini hayo yanaharakisha kuchacha, jaza dumu hadi karibu na mfuniko hewa isikae juu. Halafu mteja wako, huyo anayepanga madumu meupe nje juani ili wapita njia waone, ongea naye! Bora hata umpe madogo madogo yatoke haraka.

Na lebo ya "alizeti yenye choya" kama ulishachapisha usiibandike, TBS (shirika la viwango) wakikuuliza choya iko wapi humo utawaonyesha nini?