Kupima protini kwa mnyunyizo: maswali yenu kutoka Lubumbashi

Kazini, maabara ya mgodi, tuna mashine ya plazma ya kupimia shaba na kobalti. Nayo hunyunyiza sampuli. Naweza kuitia protini? (Msomaji, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi)

Hapana, ndugu. Mnyunyizo unafanana, ila mbele yake kuna moto. Plazma ina joto la nyuzi elfu kadhaa, inasambaratisha kila kitu mpaka atomu. Shaba haijali. Protini huko inakwisha kabisa.

Protini inataka elektrosprei, yaani mnyunyizo wa umeme unaoiingiza kwenye spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Majimaji hupita kwenye sindano nyembamba yenye umeme wa volti 2,000 hadi 5,000 hivi, yakatoka matone yenye chaji. Tone linakauka njiani, chaji zinabanana, linapasuka kuwa vitone vidogo zaidi, navyo hivyo hivyo, mpaka protini inabaki peke yake hewani, nzima, imebeba chaji zake. Kwa kazi hiyo John Fenn wa Marekani alipata Nobeli ya kemia mwaka 2002, pamoja na Koichi Tanaka wa Japani, aliyetumia leza, na Kurt Wüthrich wa Uswisi.

Protini ni moja, mbona vilele kwenye grafu ya mashine ni vingi? (Mwanafunzi, kampasi ya Kasapa)

Hilo lilinisumbua hata mimi. Mashine haisomi uzito mtupu, inasoma uzito uliogawanywa kwa chaji. Chukua mnyororo wa beta, sehemu moja ya hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni: uzito wake ni daltoni 15,867 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Ukibeba protoni 15, kila moja chaji moja, kilele kiko 1,058.8, ukibeba 16, kiko 992.7. Vilele viwili jirani vinatosha kukurudisha kwenye uzito wenyewe. Fanya hesabu kwa kalamu mara moja, hutasahau.

Mtoto wangu ana anemia SS, ugonjwa wa seli mundu. Mashine hiyo ingeiona? (Mama, mtaa wa Katuba)

Ndiyo, mama. Kwenye mnyororo huohuo wa beta, asidi amino moja, asidi ya glutamiki, imeachia nafasi yake nyingine, valini, na uzito umeshuka daltoni 30 tu: 15,837. Mashine inaiona tofauti hiyo bila shida, na Uingereza ziko maabara zinazopima watoto wachanga kwa spektrometa ya masi. Lakini usihangaike kuitafuta. Elektroforesi ya hemoglobini, kipimo kinachotenganisha aina zake kwa umeme, inatoa jibu lilelile, na aliyekwisha kujulikana anahitaji kliniki, si kipimo kingine.

Nanyunyiza, sioni kitu ila fujo. (Mwanafunzi mwingine)

Sampuli iko kwenye bafa ya fosfeti, majimaji ya chumvi yanayotuliza asidi, sivyo? Chumvi hiyo ndiyo inayoizima ishara ya protini. Hamishia kwenye amonia asetati, ambayo huvukiza na kutoweka, kisha ujaribu tena kabla ya kumlaumu fundi.