Kazi yako inapimwa Jumatano saa kumi

Wadogo zangu mliosomea masoko na sasa mmepata nafasi kwenye klabu za mpira huku Kusini, msimwahidi mtu ushindi. Muuza saruji anajua mfuko wake una kilo 50. Wewe hujui mechi itaishaje, na kiti kisichokaliwa leo jioni hakiuziki kesho. Mwaka wangu wa kwanza nilizungusha gari la matangazo mji mzima nikinadi kwamba tutachapa mtu. Tulifungwa. Mechi iliyofuata majukwaa ya mzunguko, ya kiingilio cha chini, yalikuwa matupu, na mashabiki walinikumbusha maneno yangu sokoni.

Uza unachokimudu: geti linalofunguliwa mapema, foleni inayotembea, choo safi, maji ya baridi. Akina mama niliowauliza kwa nini wameacha kuja hawakutaja mabao hata kidogo. Walitaja kusukumana mlangoni na matusi. Tulipowatengea mlango wao, walirudi na watoto.

Simba au Yanga wakija Nangwanda Sijaona, uwanja wetu wa Mtwara, watu wanajaa, lakini msijipongeze. Wengi wanaowashangilia wageni ni majirani zetu wa hapa hapa Mtwara. Siku hiyo chukueni namba za simu na kuuza jezi ya nyumbani getini, maana mtihani wenu ni mechi ya Jumatano saa kumi na timu isiyo na jina.

Kuhusu bei, vitabu vitawafundisha mengi, ila havina kalenda ya korosho. Minada huanza kwenye Oktoba, na mkulima wa Newala au Tandahimba hushika pesa malipo yakishapita AMCOS, yaani chama chake cha ushirika. Mimi nilileta jezi mwezi wa sita kwa sababu ndipo zilipokuwa tayari, zikalala stoo hadi maboksi yakaanza kuliwa na mchwa. Siku hizi ningezipeleka vijijini Novemba, nikiwa na fundi wa kuchapa majina mgongoni, na kiingilio ningekishusha kuanzia Machi, mifuko ikishakauka.

Itazameni pia Namungo, klabu ya Ruangwa mkoani Lindi. Ruangwa ni mji mdogo, lakini timu ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20 ilijiita Wauaji wa Kusini, na msimu uliofuata ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Jina lile halikujifunga Ruangwa. Mtu wa Nachingwea, wa Kilwa, hata wa Masasi, anaweza kulivaa na kulisema kuwa ni lake.