Kisauni: eneo bunge la mjini lenye shamba ndani yake

Ndugu uliyeuliza kama Mombasa kuna eneo bunge la mashambani, na mbona kura za Kisauni hazishikiki: mimi nimekulia Mwakirunge na nimekaa wakala wa chama kwenye vituo vya huko, basi nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwenye makaratasi shamba halipo. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi wote wa Kaunti ya Mombasa, 1,208,333, kuwa ni watu wa mjini. Lakini pita Utange uje Mwakirunge, kuelekea mpaka wa Kilifi. Utakuta minazi, miembe, mihogo, mbuzi wamefungwa kando ya njia, na wagema wako juu ya minazi jua halijapanda. Na jaa la taka za mji liko huku huku kwetu.

Wengi wetu ni Wamijikenda, na jambo letu la kwanza ni ardhi. Mwaka 1908 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya kuandikisha ardhi katika ukanda wa pwani wa maili kumi. Waliojua karatasi wakaandikisha. Wazee wetu, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo, wengi walibaki nje. Ndiyo maana hadi leo kuna mtu amezikwa babu yake hapo na bado anaitwa skwota. Mgombea akija mkutanoni huulizwa hati miliki kabla ya barabara, na akijibu kwa kuzunguka, wazee huinuka wakaenda zao. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na naona wana haki.

Sasa teremka Bamburi, Mtopanga, Kiembeni. Huko wapangaji ni wengi, wametoka Ukambani, Nyanza, Magharibi na Mlimani, wanachanganyika na Waswahili na Wamijikenda waliohamia mjini. Wao wanataka maji ya mfereji, kazi, na usalama dhidi ya magenge ya panga. Ni eneo bunge moja, wadi saba, lakini mgombea inabidi abebe hotuba mbili.

Kwa hivyo usidanganyike kwamba ni ngome ya chama fulani na basi. Karisa Maitha alishinda 1997 kwa tiketi ya DP, chama cha upinzani, wakati Kanu ndiyo inatawala, akarudi 2002 na muungano wa Narc. Hassan Joho akachukua 2007 na ODM, Rashid Bedzimba akakishika kiti 2013 kwa chama hicho hicho. 2017 Ali Mbogo akamng'oa kwa Wiper. 2022 Bedzimba akarudi. Chama kinasaidia, tena sana, ila mtu asiyefika matangani na harusini huku bara ya Kisauni hapiti kwa rangi ya fulana.

Linaloniuma zaidi ni hesabu. Nyali ilimegwa kutoka Kisauni katika mapitio ya mipaka ya 2012, na bado Kisauni ilikuwa na watu 291,930 mwaka 2019. Gawanya Wakenya wote kwa maeneo bunge 290, unapata kama watu 164,000 kwa kila mbunge. Katiba inaruhusu jiji kuzidi kwa asilimia 40, yaani kama 229,600. Sisi tumeshapita, Likoni pia imepita kwa watu 250,358, ilhali Mvita ina 154,171 na mbunge wake mmoja. Mapitio mengine yalipaswa kukamilika kufikia Machi 2024, muda ukapita wakati tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Wanaoumia ni watu wa Mwakirunge, kwa sababu kura zao ni chache mbele ya za Bamburi, na anayetafuta ubunge anajua pa kukesha.

Ukitaka kuandika utafiti wako vizuri, usitumie jumla ya eneo bunge. Chukua Fomu 35A, zile za matokeo ya ubunge ya kila kituo, tenga za Mwakirunge na zile za mtaani, uzilinganishe 2017 na 2022. Ukikwama kwenye majina ya vituo, niulize hapa hapa, nitakwambia kipi kiko shamba na kipi kiko mtaani.