Asali kusoma 1.2: usimrudishie muuzaji dumu lake kwanza

Mwalimu, umesema vijana wako wamepima asali ya sokoni wakapata densiti ya 1.2 (yaani gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo), na sasa unataka kumrudishia mama wa watu dumu lake kwa madai kwamba katia maji. Subiri. Mimi ni fundi wa maabara ya sekondari hapa Tabora, na hiyo 1.2 naijua. Nimeshaipata kwa mikono yangu mwenyewe.

Asali nzuri inacheza kwenye 1.4 na kitu. Ndiyo maana ndoo ya lita 20 ina kilo 28 hivi; aliyewahi kuibeba anajua. Ili ishuke hadi 1.2, maji yanatakiwa yazidi nusu ya uzito wake. Hiyo ingemiminika kama sharubati, na kwa joto letu ingekuwa imeshaanza kuchacha. Mngekuwa mnapima wanzuki, pombe ya asali.

Bila shaka walisoma ujazo kwenye silinda, tuseme sentimita za ujazo 50, kisha wakamimina kwenye bika ili wapime uzito. Kwa maji unabakiza matone tu. Mimi siku ile mizani ilinipa gramu 60. Nikainua silinda dirishani: kuta zote zimevaa asali, na chini imetuama unene wa kidole. Gramu 11 zilikuwa bado mle ndani!

Kwa hiyo msimimine. Pimeni silinda tupu, kavu, tieni asali humo humo, pimeni tena, toeni uzito wa kwanza kwenye wa pili, kisha gawanyeni kwa ujazo. Kuitia nako kuna kazi, maana ikigusa ukuta juu ya alama inapaka na kukuongezea uzito usiouhesabu kwenye ujazo. Mimi natumia bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe: nalishusha katikati hadi karibu na kitako, nasukuma polepole huku nalipandisha. Halafu naiacha. Mapovu yakibaki yanadanganya ujazo, densiti inashuka tena. Nikijaza kipindi cha kwanza, nasoma baada ya chai, jicho likiwa sawa na uso wa asali, pale ulipobonyea katikati.

Rudieni mara tatu. Ikigoma kwenye 1.2, hapo mama ana kesi. Ikija 1.4, msimsifu sana pia: sukari iliyochemshwa ikawa nzito inafika hapo hapo, na mizani haina ulimi.