Baa ya usiku mtaani kwetu: je, pingamizi la mtu mmoja linasikizwa?

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kwetu hapa Malindi imeezeka banda la makuti uani, na sasa imeomba leseni ya baa ya usiku. Tangazo nimelisoma ofisini kwa chifu. Hata kabla ya leseni, muziki wa Ijumaa hutikisa vioo vya dirisha, na mwanangu wa miezi mitano hushtuka usingizini. Majirani wananiambia barua ya mtu mmoja haina uzito. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Si kweli. Tangu Katiba ya mwaka 2010, leseni za vileo ni kazi ya serikali ya kaunti, na mkazi yeyote anaweza kupinga ombi, hata akiwa peke yake. Ninachokuomba ni usiandike kwa hasira wala usihukumu mienendo ya wateja, maana kamati inayosikiliza maombi ya leseni itakuuliza ushahidi.

Kelele ndiyo hoja yako kubwa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaruhusu, nje ya nyumba za makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huo huhesabiwa tangu baada ya saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Banda la makuti lisilo na kuta halizuii sauti. Basi chukua daftari, uandike tarehe, saa muziki ulipoanza na ulipozimwa, spika zilielekezwa wapi, na mtoto aliamka mara ngapi. Kwangu mimi, daftari la wiki mbili lina nguvu kuliko sahihi mia za watu wasiolala karibu na banda hilo. Waombe pia maafisa wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, waje kupima kelele, tena usiku.

Kama kuna chekechea au shule jirani, pima umbali, kwa kuwa Sheria ya Vileo ya mwaka 2010 inakataza leseni mpya ndani ya mita 300.

Andika barua ya pingamizi nakala tatu: ya kamati, ya mwombaji na yako. Mwombaji apate yake angalau siku 7 kabla ya kikao cha kamati cha kusikiliza ombi, na kwa kuwa ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba aliipata, atie sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Akikataa, itume kwa posta, uhifadhi risiti. Siku ya kikao nenda mwenyewe, daftari mkononi.